Mkahawa wa vitabu unaishi kwa Jumanne, si kwa tamasha

Mwishoni mwa Juni 2025, kamisheni ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia uhusiano wa kijamii ilitoa ripoti iliyosema kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vinavyokadiriwa kufika 871,000 kila mwaka. Tangu hapo, mji mdogo unapopata mkahawa unaouza vitabu, au duka la vitabu linalopika kahawa, habari huandikwa kwa furaha ileile: dawa ya upweke imepatikana, watu wamerudi kusoma, mtaa umepata sebule. Picha inayoambatana na habari hiyo huwa ya usiku wa uzinduzi wa kitabu, mwandishi mgeni akiwa mbele, viti vimejaa, na waliochelewa wamesimama katikati ya rafu. Mimi nami hufurahi nikiiona. Lakini naamini picha hiyo inatupotosha kuhusu kazi inayofanyika mle ndani. Mkahawa wa vitabu huwa na maana kwa mji mdogo kwa sababu ya vikao vidogo vinavyojirudia, vya watu walewale, siku ileile, saa ileile, ambapo mtu asipofika pengo lake linaonekana. Tusipoliona hilo tutayasifia maduka haya kwa jambo ambalo silo linaloyabeba, tutayadai yasiyoyaweza, na yatakapofungwa tutalaumu bei ya kahawa.

Tuanze na jinsi tulivyofika hapa. Duka la mtandaoni la Amazon lilianza kuuzia umma vitabu Julai 1995, na kati ya mwaka huo na 2000 idadi ya maduka huru ya vitabu nchini Marekani ilishuka kwa asilimia 43. Mwaka 2007 kikaja Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali. Mwaka 2011 Borders, iliyokuwa moja ya kampuni kubwa kabisa za maduka ya vitabu, ikafilisika na kufunga milango. Wengi wakatabiri kwamba duka dogo la mjini ndilo lingefuata kaburini, na wakakosea. Hesabu za American Booksellers Association, chama cha wauza vitabu huru, zinaonyesha maduka yakipanda kutoka 1,651 mwaka 2009 hadi 2,470 mwaka 2018. Ryan Raffaelli wa Harvard Business School, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, alieleza sababu tatu: duka kujifunga na jamii yake, uteuzi wa vitabu unaofanywa na mtu anayewajua wasomaji wake, na kuwakutanisha watu. Katika hiyo ya tatu alitaja kwamba yapo maduka yanayoandaa matukio zaidi ya 500 kwa mwaka. Wasomaji wengi wa utafiti huo waliondoka na namba 500 mkononi wakaisahau hoja yenyewe. Ikawa ushauri wa kila mahali: andaa matukio, andaa mengi, leta mwandishi, weka kipaza sauti, piga picha.

Ushauri huo ukipelekwa kwenye mji mdogo huumiza, na sababu yake ni hesabu tu. Jiji lenye mamilioni ya watu lina wageni wapya kila wiki, hivyo tukio la leo halili watazamaji wa tukio la kesho. Mji wa watu elfu chache una labda watu sitini wanaoweza kutoka nyumbani jioni kwa ajili ya kitabu, na ni hao hao utakaowaita kwenye uzinduzi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kufikia wa nne wamechoka, na wanaona haya kusema. Wakati huohuo kila uzinduzi una gharama yake. Nakala ziagizwe wiki kadhaa kabla. Rafu zenye magurudumu zisukumwe ukutani, viti viazimwe, mhudumu abaki hadi usiku, na mashine ya kahawa izimwe ili isifoke mvuke katikati ya ubeti, maana yake kwa saa nzima ile kaunta inayolipa kodi ya pango haiuzi kitu. Mwandishi huzungumza, watu hupiga makofi, watano hununua. Vitabu visivyouzika hurudishwa kwa mchapishaji (utaratibu uliozoeleka katika biashara ya vitabu Marekani tangu enzi za mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930), ila nauli ya kuvirudisha mara nyingi huangukia duka. Asubuhi yake mwenye duka ana picha nzuri na hasara ndogo. Hasara ndogo kumi na mbili kwa mwaka si ndogo tena.

Sasa weka kando ya hayo kikao cha kusoma cha Jumanne jioni. Kina watu tisa, meza moja ya nyuma, na kitabu kimoja kinachosomwa sura tatu kwa wiki. Hakihitaji kipaza sauti wala bango, na mashine inaendelea kufanya kazi kwa sababu wanaozungumza wamekaa karibu. Nakala tisa za kitabu kimoja huuzwa kwa uhakika kila baada ya wiki chache, na hizo ni nyingi kuliko zinazouzwa kwenye uzinduzi mwingi niliowahi kuhudhuria. Saa ya hadithi ya watoto Jumamosi asubuhi iko hivyo hivyo, na meza ya drafti au sataranji, na jioni ya mashairi ambayo wasomaji wake ni wale wale saba na msikilizaji mmoja mpya. Hakuna gazeti litakalokuja kuandika habari za meza hiyo. Ndiyo maana haihesabiwi.

Ni vizuri pia kuelewa kwa nini vitu hivi viwili, kahawa na kitabu, vimewekwa chini ya paa moja, kwani watu hudhani ni suala la harufu na mandhari. Ni suala la fedha. Bei ya kitabu kwa kawaida imechapwa jaladani na mchapishaji, muuzaji hapandishi hata akitaka, na sehemu anayobakiwa nayo, mara nyingi karibu asilimia 40 ya bei hiyo, ndiyo inayolipa pango, umeme, mishahara na vitabu vitakavyokaa rafuni mwaka mzima bila kuguswa. Kahawa ina faida kubwa zaidi kwa kikombe, lakini ina mdai wake, nao ni muda wa kiti. Mteja anayenunua kikombe kimoja akakaa saa tatu amekula faida yote ya kiti kile. Kwa hiyo mkahawa unamtaka mtu aondoke, na duka la vitabu linamtaka akae, kwa kuwa anayekaa ndiye anayefungua kitabu ambacho hakukijia. Mvutano huu haumaliziki, na mwenye duka anaishi nao kila siku. Kikao kinachojirudia huupunguza, kwa sababu huwaleta watu katika saa ambazo viti vingekuwa vitupu. Jumanne saa kumi na mbili jioni hakuna foleni ya kahawa katika mji mdogo. Tamasha la Jumamosi, kinyume chake, hufukuza wateja wa siku ambayo duka lingeuza bila msaada wowote.

Historia nayo inaunga mkono upande wa kikao kidogo. Lugha yetu yenyewe iliiweka kahawa ndani ya jina la mahali: mkahawa. Na tangu zamani watawala hawakuogopa kinywaji, waliogopa watu kukutana mara kwa mara. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, alipiga kahawa marufuku, uamuzi uliotenguliwa na wakubwa wake wa Cairo. Tarehe 29 Desemba 1675 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitoa tangazo la kufunga nyumba zote za kahawa kuanzia 10 Januari, akisema zinazaa uvumi dhidi ya serikali. Kelele zilikuwa kubwa hadi tangazo likaondolewa kabla ya siku hiyo kufika. Nyumba hizo hazikuwa na ratiba ya wageni mashuhuri. Zilikuwa na wazoefu. Katika ile ya Edward Lloyd jijini London, iliyokuwepo kufikia mwaka 1688, wenye meli, manahodha na wafanyabiashara walikaa meza zilezile wakipeana habari za bahari, na kutokana na mazoea hayo likazaliwa soko la bima linaloitwa Lloyd's hadi leo. Halikuzinduliwa na mtu siku moja mbele ya hadhara. Lilikua kwa sababu watu walijua nani watamkuta wapi. Sitaficha kwamba soko hilo hilo lilikuja kukatia bima meli za biashara ya watumwa. Mazoea huwapa watu nguvu, na nguvu hiyo inaweza kutumika kwa ubaya pia. Nitalirudia jambo hili.

Aliyeyapa mazoea haya jina ni mwanasosholojia Ray Oldenburg, katika kitabu chake cha mwaka 1989. Nyumbani ni mahali pa kwanza, kazini pa pili, na pale unapokwenda kwa hiari yako kukaa na watu bila mwaliko ni mahali pa tatu. Jambo moja dogo kuhusu kitabu hicho limenikaa akilini: jalada la toleo la kwanza liliorodhesha mikahawa, vituo vya jamii, saluni, maduka ya bidhaa mchanganyiko na baa, na duka la vitabu halikuwemo. Lilikuja kuingia katika toleo la baadaye. Ina maana kwamba wakati ule duka la vitabu lilikuwa mahali pa kununua na kuondoka, na nafasi liliyonayo leo limeipata ndani ya umri wetu, kwa jasho la wauzaji. Lakini istilahi ya Oldenburg imependwa kuliko ilivyosomwa. Yeye aliandika kwamba uhai wa mahali pa tatu huletwa na wazoefu wake, kwamba mazungumzo ndiyo shughuli kuu, na kwamba mahali penyewe huwa pa kawaida, hapana makuu. Leo neno hilo hubandikwa kwenye jengo lolote lenye kochi na mwanga hafifu, hata kama hakuna anayemjua aliyekaa meza ya pili.

Kuna kitu cha pekee katika mji mdogo ambacho waandishi wa majiji hawakioni. Wao hudhani tatizo ni watu kutojuana. Katika mji mdogo watu wanajuana sana, na ujuano huo ndio unaobana. Yule ni binti wa fulani, huyu ni fundi wa matairi, mama yule alifiwa na mumewe mwaka juzi, kijana huyu alirudishwa shule. Kila mmoja ana jina lake la pili lililobandikwa na mtaa, na jina hilo halibanduki. Kikao cha kusoma hufanya kazi ambayo sijaona mahali pengine ikifanywa kwa urahisi hivyo: huwapa watu wanaojuana ujuano wa mara ya pili. Fundi wa matairi anageuka kuwa yule asiyemwamini msimulizi tangu sura ya nne. Mjane anakuwa yule anayecheka kabla ya wote. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala iliyoonyesha kwamba watu wengi aliowahoji walipata habari za kazi kupitia mtu wanayemfahamu kidogo tu, anayezunguka kwenye miduara mingine, na wachache zaidi kupitia rafiki wa karibu. Katika mji mdogo miduara hiyo ya nje ni michache mno. Kanisa moja, msikiti mmoja, ukoo, timu ya mpira, basi. Meza ya Jumanne ni mmoja wa miduara michache ambayo mtu huingia bila kuulizwa ametoka kwa nani, na umri wa miaka 19 unaweza kukaa karibu na umri wa miaka 70 wakiwa na jambo moja la kubishania.

Nitatoa ushahidi wangu mara moja tu. Nilipohamia katika mji ambao sikuwa na ndugu, nilijiunga na kikao cha namna hiyo kwa sababu ya kitabu, wala sikutafuta rafiki. Miezi kadhaa baadaye nilishikwa na homa nikakosa vikao viwili. Cha pili kilipopita, muuzaji alinipigia simu kuuliza kama nipo mjini, na akasema nakala yangu ya kitabu kinachofuata ameiweka chini ya kaunta. Simu ilikuwa fupi. Ofisini nilikokuwa nafanya kazi hakuna aliyekuwa amepiga. Naamini simu ile isingepigwa kama ningekuwa mmoja wa watu themanini waliohudhuria uzinduzi, kwa kuwa hakuna anayehesabu themanini.

Pana hoja kadhaa dhidi ya haya ninayosema, nazo hazina uzito sawa. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba vikundi vya mtandaoni vinatosha, maana vina wasomaji wengi zaidi, vitabu vingi zaidi, na havihitaji pango. Ni kweli vina faida zake, hasa kwa mtu anayependa aina ya vitabu ambayo hakuna mwingine anayeisoma mjini kwake. Lakini kikundi cha watu elfu tatu hakitambui kwamba umenyamaza. Julai 1995 joto kali liliipiga Chicago na watu 739 zaidi ya kawaida wakafa, wengi wao wazee waliokuwa peke yao. Eric Klinenberg, aliyechunguza vifo hivyo, alilinganisha mitaa miwili inayopakana ambayo umaskini wake na idadi ya wazee wanaoishi peke yao vilikaribiana, akakuta tofauti kubwa ya vifo. Mtaa ulionusurika ulikuwa na maduka yaliyo wazi na njia zenye watu, mahali pa kumfanya mzee atoke na pa kumwona akitoka. Mwingine ulikuwa umebakiwa na viwanja vitupu na milango iliyofungwa. Waliookoka waliokolewa na mazoea ya watu kuonana, na mazoea hayo yalihitaji mlango halisi. Simu ya mkononi ni njia nzuri ya kumuuliza mtu hali baada ya kugundua kwamba hayupo. Kugundua ndiyo kazi ngumu.

Hoja ya pili ina akili zaidi: duka ni biashara, na kama vikao hivi vingekuwa na thamani wahudhuriaji wangevilipia, hivyo soko limeshahukumu. Jibu langu ni kwamba soko linahukumu kile kinachopita kwenye kaunta. Faida ya meza ya Jumanne hupita nje ya kaunta. Humwendea binti wa yule mzee anayeishi mbali, ambaye sasa anajua kuna mtu atamtafuta baba yake asipoonekana. Huiendea barabara yenye taa zinazowaka hadi saa tatu usiku, na duka la jirani linalouza kwa wanaorudi nyumbani. Humwendea mtoto ambaye hakununua kitabu chochote Jumamosi lakini amejifunza kukaa kimya hadithi ikisomwa. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayeweza kutozwa, na mwenye duka ndiye anayelipa kwa niaba yao wote bila kujua kiasi.

Wapo wanaosema mji mdogo unahitaji tukio kubwa ili ujulikane, na hutoa mfano wa Hay-on-Wye huko Wales, mji mdogo wa mpakani ambao tamasha lake la fasihi linajulikana duniani. Mfano huo unasimama upande wangu. Richard Booth alianza kufungua maduka ya vitabu vilivyotumika mjini hapo miaka ya 1960, na mwaka 1977 akajitangaza mfalme wa Hay kwa mzaha uliovuta magazeti. Tamasha lilianza 1988. Kabla ya hema la kwanza kusimamishwa palikuwa na robo karne ya rafu zilizo wazi kila siku.

Hoja zinazonipa shida kweli ni mbili, na sitajifanya nimezimaliza. Ya kwanza ni ya maktaba. Maktaba ya umma haidai ununue kitu, inalindwa na sheria na bajeti ya wananchi, na mkutubi mzuri huandaa vikao vilevile ninavyovisifu. Mji ukiwa na fedha za kusaidia kimoja tu kati ya hivyo viwili, ningesema maktaba, bila kusita. Kinachonifanya niendelee kulitetea duka ni saa na sauti. Maktaba nyingi za miji midogo hufungwa wakati wafanyakazi wanatoka kazini, na hata zilipo wazi desturi yake ni ukimya, huku meza ya kahawa ikiruhusu mabishano na vicheko. Vyote viwili vikishirikiana, maktaba ikaazimisha nakala kwa wasioweza kununua na duka likatoa meza ya jioni, mji hupata kitu ambacho kimoja peke yake hakiwezi. Lakini halmashauri inayopunguza saa za maktaba kwa kisingizio kwamba sasa kuna mkahawa wa vitabu mjini inafanya kosa kubwa, na wenye mikahawa hiyo wawe wa kwanza kusema hivyo.

Ya pili ni ya mlango. Nyumba za kahawa za London zilitoza peni moja tu na zikasifiwa kuwa vyuo vikuu vya peni moja, huku wanawake, ukiacha waliozimiliki au kuhudumu ndani yake, kwa kawaida hawakuwa sehemu ya mazungumzo hayo. Mahali pa mtu binafsi pana haki ya kukutoa nje. Aprili 2018 wanaume wawili Weusi walikamatwa ndani ya mkahawa mmoja wa kampuni ya Starbucks jijini Philadelphia, Marekani, walipokuwa wakimsubiri mwenzao bila kuagiza kitu. Kampuni ikaomba radhi na mwezi uliofuata ikaruhusu mtu yeyote kukaa hata asiponunua. Januari 2025 ikaufuta utaratibu huo katika maduka yake ya Amerika Kaskazini. Ukarimu wa kibiashara unaweza kuondolewa kwa waraka mmoja. Mkahawa mdogo wa mji nao haujaepuka hatari hii, na kwake inakuja kwa sura ya upole zaidi: wazoefu wanazoeana mno, wana vichekesho vyao na viti vyao, na mgeni anayeingia mara ya kwanza anajiona amefika kwenye harusi ya watu asiowajua. Ubaya huu unatoka ndani ya jambo lilelile ninalolisifu. Njia ninayoijua ya kuupunguza ni kazi ya mkono: muuzaji kuacha kiti kimoja kitupu kwa makusudi, kumtambulisha mgeni kwa jina, kubadilisha anayeongoza kila mwezi, na kuweka wazi kwamba anayekunywa maji ya bure ana haki ya kusema sawa na aliyenunua vikombe viwili. Duka lisiloweza hayo lijiite duka tu, inatosha.

Kama hoja yangu ina ukweli, basi namna ya kuyasaidia maduka haya ibadilike. Halmashauri nyingi zikiombwa msaada huuliza tukio litavuta watu wangapi. Swali hilo humsukuma mwenye duka kwenye uzinduzi na tamasha. Iulizwe badala yake ni wangapi waliokuja mwezi uliopita wakarudi mwezi huu, na wangapi kati yao hawakuwepo mwaka jana. Mambo haya mawili huonyesha kama meza iko hai na kama imefungwa, na daftari la kawaida linatosha kuyajibu. Ufaransa imekwenda mbali zaidi ya maswali. Sheria yake ya mwaka 1981 inazuia kitabu kipya kuuzwa kwa punguzo linalozidi asilimia 5 ya bei ya mchapishaji, na nyingine ya Desemba 2021 ikaweka msingi wa gharama ya chini ya kusafirisha vitabu ili duka la mtandaoni lisishindane kwa usafiri wa karibu bure. Zaidi ya hapo kuna hadhi rasmi kwa maduka huru ya vitabu, ambayo mojawapo ya vigezo vyake ni shughuli za utamaduni zinazofanyika dukani, na mamlaka za mitaa zinaweza kuyasamehe maduka hayo kodi ya biashara. Yaani serikali imekubali kwamba meza ya Jumanne ni huduma, na huduma ina gharama. Mji usio na sheria kama hizo bado unaweza kununua vitabu vya shule na maktaba yake kwenye duka la mjini, au kupunguza ushuru wa jengo linaloacha taa zake zikiwaka jioni.

Wasomaji nao wana sehemu yao. Mwaka 1936, duka la vitabu la Shakespeare and Company la Sylvia Beach mjini Paris lilipokuwa karibu kufungwa, mwandishi André Gide na marafiki wengine waliunda kundi la wanachama waliolipa ada ya mwaka, na waandishi wakawasomea kazi zao humo dukani. Hawakulipia kitabu fulani, walilipia kuwepo kwa mahali. Napenda utaratibu huo kuliko tiketi ya mlangoni, kwa sababu tiketi humhesabu anayekuja mara moja na ada humfunga anayerudi, na wanachama ishirini wenye uwezo wanaweza kuwabeba watano wasio nao bila mtu kujua nani ni nani.

Liko jambo moja la mwisho ambalo nadhani litaamua hatima ya maduka mengi kuliko bei za mtandaoni, nalo ni kustaafu. Mwenye duka anapochoka na kuuza, mthamini huja na karatasi. Ataandika vitabu vilivyopo rafuni, mashine ya kahawa na umri wake, viti, friji, mkataba wa pango, jina la duka. Vikao havimo katika karatasi hiyo, na mnunuzi anayeisoma hiyo tu ataanza kwa kuhamisha Jumanne kwenda Alhamisi kwa sababu inamfaa, ataondoa meza ya nyuma aongeze rafu, na baada ya miezi sita atashangaa wateja wamekwenda wapi. Anayetaka kununua mkahawa wa vitabu na aombe kwanza daftari la mahudhurio, aje Jumanne tatu mfululizo kabla ya kutia saini, akae kwenye kile kiti kitupu, na asikilize nani anaulizwa kwamba leo hayupo.